Irabu

Bati la biskuti lenye kutu kifunikoni,
na ndani yake ukoo wetu wote:
shajara, orodha ya mirathi, daftari la duka lisilo na jalada,
na risiti ya jiko la mafuta, sijui nani aliona inafaa kutunzwa.
Shangazi Somoe akaliweka mkekani, hapa Mkomani,
akalifuta vumbi kwa pindo la leso,
akasema, "Soma. Lakini usichimbe."

Shajara naijua tangu utotoni.
Lali bin Shee bin Athmani bin Famau,
wanaume wameshikana mikono hadi Hadhramaut,
wala hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mwanamke.

Orodha ndiyo sijawahi kuiona.
Kiamu kwa herufi za Kiarabu, wino wa kahawia,
mkono wa mtu mwenye haraka:
kitanda cha Hindi, kimoya.
Viti vya enzi, viwili.
Sufuria za shaba, tatu.
Mrashi, mmoya,
halafu neno fupi lenye tundu,
halafu "alama shingoni",
halafu bei, ambayo maji yameinywa.

Nimefundisha ngeli miaka ishirini na sita.
Nimewasimamisha watoto wa watu ukutani kwa ajili ya ngeli.
Mrashi una: basi ni chombo, mirashi ina, tuendelee.
Mrashi ana: basi ni mtu
aliyebandikwa jina la chombo,
kama walivyoitwa kina Zafarani, kina Tufaha,
wale walioletwa, ambao majina yao ya kwanza
hakuna aliyeyauliza.
Kiarabu hakina herufi kubwa ya kuninong'oneza.
Alifu imebaki, imesimama kama msumari.
Nuni imebaki na nukta yake.
Ila irabu iliyokaa juu ya alifu,
kijistari cha a au kikia cha u,
mchwa ameila.

"Ni ule pale," shangazi akanyoosha kidole kidakani,
ambako ule wa fedha husubiri harusi.
Nikauomba. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.
Nikaugeuza kwenye mwanga wa uani,
nikapitisha ukucha shingoni pole pole,
nikarudia.
Laini. Hauna ufa, hauna kidoa, hauna alama.
Shangazi akaanza kutafuta miwani
aliyokuwa ameivaa.

Daftari, ukurasa usio na mwaka:
sukari guru, pishi mbili. Misumari, ratili.
Gora la merikani limefunguliwa,
doti moja, ya Mrashi, kwa deni la nyumba.
Nguo imetoka Marekani, imezunguka ncha ya Afrika,
imefika Lamu ikakatwa kwa kimo chake.
Chombo hakivai, shangazi.
Hakuitika.

Nikafungua msahafu wa babu, ndani ya jalada.
Mkono mwingine huu, wa mtu asiye na haraka:
"Amezaliwa Shee, Alhamisi, baada ya alasiri, mfungo sita."
Jina la baba lipo.
La mama, pameachwa nafasi
nyeupe, yenye upana wa herufi nne.
Nimehesabu: mimu, re, shini, ye.

Muadhini wa magharibi alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti
shangazi alipoinuka, akaurudisha kidakani,
akabaki amenipa mgongo.
"Bibi alitukataza kuutaja kwa jina," akasema.
"Tuliambiwa tuuite kamwaga. Nileteeni kamwaga.
Binti ya Mtamuini alikosea siku moja
akapigwa kofi mbele ya wageni.
Mimi nikidhani ni mambo ya wazee tu."

Nikaishika orodha karibu na taa.
Penseli ilikuwa nywele zangu zimeishikilia,
sikuichomoa.
"Ana," nikasema kwa sauti, kama darasani.

Kimya.
Kisha shangazi, uso wake ukiwa bado ukutani:
"Ana."